Valvu ya Ekzosi Baharini: Metali Huchaguliwa kwa Mzigo

Injini ya petroli ya mipigo minne ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, kila valvu yake ya ekzosi hufunguka mara 2,500 katika dakika hiyo, yaani mara 150,000 kwa saa. Kila ifungukapo, gesi iliyotoka kuungua huipita shingoni ikiwa na joto linaloweza kuvuka nyuzi 800 za Selsiasi. Kila ifungapo, hugonga kiti chake na kutakiwa kuziba kabisa, bila kuacha upenyo wa unywele. Kichwa chake huiva hadi kikawa chekundu, na katika hali hiyo bado kinadaiwa ugumu, unyoofu na ustahimilivu wa kurudia kazi ile ile mamilioni ya mara.

Kwenye boti za kasi madai hayo huwa makubwa zaidi, na ndiyo maana wajenzi wa injini hizo wakikutana hawachukui muda kufika kwenye swali la metali: valvu hii ni ya chuma gani? Majina hutajwa kwa heshima, Inconel, Nimonic, Stellite, titani, na mnunuzi asiye mtaalamu hubaki akidhani kwamba jina la bei kubwa ndilo jibu. Makala hii inaeleza kila metali inafanya kazi gani, ilitoka wapi na inashindwa wapi, ili msomaji aweze kupima mwenyewe. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: metali ya valvu huchaguliwa kwa kuangalia mzigo wa injini na muda ambao mzigo huo utadumu, na hakuna aloi itakayookoa valvu isiyokaa sawasawa kwenye kiti chake.

Boti haina mteremko

Gari lenye injini kubwa ya V8 likienda kilomita 100 kwa saa kwenye barabara tambarare hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Likipanda mlima injini hufanya kazi kwa dakika chache. Likishuka, dereva huachia mafuta na valvu hupata nafasi ya kupoa. Mjini hali ni hiyo hiyo: kukanyaga mafuta, kuachia, kusimama kwenye taa.

Baharini hakuna kuteremka. Maji hukizuia chombo kila sekunde, na rafadha hudai nguvu mfululizo tangu boti inapoondoka gatini hadi inapofika. Zaidi ya hapo, nguvu zinazodaiwa na rafadha hupanda upesi kuliko mzunguko wake. Kwa chombo kinachopasua maji, ukizidisha mzunguko mara mbili, nguvu zinazohitajika hukaribia kuwa mara nane. Boti ya kasi inayopanda juu ya maji haifuati kanuni hiyo kikamilifu, lakini mwelekeo ni huo huo: mwendo wa kawaida wa boti ni mzigo ambao gari huuona kwa nadra.

Kwa hiyo injini ile ile, yenye pistoni na kamshafti zile zile, inaweza kudumu miaka mingi ndani ya gari na kuchoma valvu zake katika msimu mmoja ndani ya boti. Watengenezaji wa Marekani waliochukua injini za V8 za magari na kuzigeuza kuwa za baharini walilijua jambo hili mapema. Leo kikomo kimesogezwa mbali zaidi. Mwaka 2010 Mercury Racing ya Fond du Lac, jimbo la Wisconsin, ilitoa injini ya V8 ya lita 9 yenye tabochaja mbili na nguvu za farasi 1,350. Nguvu za namna hiyo zikipita katika silinda nane, valvu ya ekzosi haiwezi tena kuwa kipuri cha kununuliwa kwa mazoea.

Joto linatokea wapi

Valvu ya kuingiza hewa hupozwa na mchanganyiko mpya wa hewa na petroli unaoipita. Valvu ya ekzosi haina bahati hiyo. Hupigwa na moto upande wa uso wakati wa kuungua, kisha hupigwa na gesi hiyo hiyo upande wa mgongo inapofunguka. Ndiyo maana kichwa chake huweza kufika nyuzi 700 hadi 800, wakati mwenzake wa upande wa hewa hubaki na joto la chini zaidi kwa mamia ya nyuzi.

Joto hilo lina njia mbili tu za kutoka. Takriban robo tatu hupita kwenye kiti, pale valvu inapokaa na kugusana na silinda hedi, kisha huchukuliwa na maji ya kupozea. Robo iliyobaki hupanda kwenye shina, hupita kwenye bushi na kuishia kwenye oili. Njia ya kwanza hufanya kazi wakati valvu imefunga tu. Kiti kikiwa chembamba mno, kikiwa kimepinda, au kikiwa na kutu na masizi, joto hukosa pa kwenda.

Hapo ndipo valvu huanza kufa, na hufa kwa njia zinazojulikana. Ya kwanza ni kuungua: gesi hupata upenyo mdogo kwenye ukingo, hupita kwa kasi kubwa na kuchimba mfereji, na mfereji huo hupanuka kila dakika. Ya pili ni kulegea kwa joto: metali iliyoiva na kuvutwa mara kwa mara hurefuka taratibu, kichwa hujikunja na kuzama kwenye kiti, nafasi iliyowekwa kati ya shina na roka huisha, na valvu hukosa kufunga kabisa. Ya tatu ni uchovu wa metali: ufa mdogo huanza shingoni, hukua kila mpigo, na siku moja kichwa hukatika na kuangukia pistoni. Ya nne ni ulikaji, kutokana na chumvi, salfa au mabaki ya mafuta. Kila metali nitakayoitaja hapa chini ilibuniwa au ilichukuliwa ili kukabiliana na moja au zaidi ya njia hizo.

Kutoka chuma cha silikoni hadi nikeli

Ngazi ya chini ni chuma cha kromi na silikoni ambacho mafundi wa Marekani wamekijua kwa muda mrefu kwa jina la Silchrome 1. Kina takriban asilimia 8.5 ya kromi na asilimia 3 ya silikoni. Huweza kugeuzwa kigumu kwa kuchomwa na kupozwa ghafla, hustahimili msuguano, na bei yake ni nafuu. Kwa valvu ya kuingiza hewa kinatosha kabisa. Kwa ekzosi ya injini yenye mzigo mzito kina kasoro mbili: hupoteza nguvu joto linapopanda, na baharini hushika kutu.

Ngazi inayofuata ndiyo inayobeba injini nyingi za petroli duniani hadi leo. Ni chuma kisichoshika kutu kiitwacho 21-4N: kromi asilimia 21, nikeli asilimia 4, manganizi takriban asilimia 9, na kaboni na naitrojeni kidogo. Manganizi, nikeli na naitrojeni huufanya mpangilio wa atomu za chuma ubaki wa aina moja kutoka baridi hadi joto kali, na mpangilio huo hulegea polepole zaidi kuliko ule wa Silchrome. Kromi hujenga ngozi nyembamba ya oksidi inayozuia hewa isiendelee kula chuma. Kwa injini ya baharini isiyo na tabochaja, iliyopangwa vizuri na isiyolazimishwa kupita uwezo wake, 21-4N ni chaguo la heshima.

Nacho kina gharama zake. Hakigeuki kigumu kwa kuchomwa na kupozwa, kwa hiyo ncha ya shina inayogongwa na roka ingelika haraka. Huvutana na metali ya bushi na kung'ang'ania. Hutanuka kwa joto kuliko chuma cha kawaida, hivyo shina hudai nafasi kubwa zaidi ndani ya bushi. Watengenezaji hujibu kwa kupaka shina kromi ngumu, na mara nyingi kwa kuunganisha vipande viwili: kichwa cha 21-4N na shina la chuma kigumu, vilivyochomelewa kwa msuguano. Fundi huweza kulitambua hilo kwa sumaku: hunasa shina na kukataa kichwa.

Sumaku hiyo hiyo imewadanganya wengi. Aloi za nikeli pia hazinaswi, kwa hiyo sumaku haiwezi kutofautisha kichwa cha 21-4N na kichwa cha Inconel. Anayeuziwa valvu zisizo na namba za mtengenezaji, kwa maelezo tu kwamba ni Inconel kwa kuwa sumaku haishiki, hajathibitishiwa kitu.

Juu ya 21-4N zipo aloi ambazo msingi wake ni nikeli. Mbili zinatajwa zaidi: Inconel 751, ambayo nikeli yake huzidi asilimia 70 na kromi ni kama asilimia 15, na Nimonic 80A, yenye kromi asilimia 20 pamoja na titani na aluminiamu kidogo. Historia ya Nimonic inafaa kujulikana. Mwaka 1906 Mmarekani Albert Marsh alipata hataza ya aloi ya nikeli na kromi iliyofaa kwa waya za kutoa joto, zile zinazowaka ndani ya majiko na pasi za umeme. Waya hizo ziliweza kukaa nyekundu kwa muda mrefu bila kuliwa na hewa, lakini hazikuwa na nguvu ya kubeba mzigo. Katika miaka ya 1940, wataalamu wa Uingereza waliotafuta metali kwa ajili ya injini ya jeti ya Frank Whittle walianza na familia hiyo ya aloi, wakaongeza titani na aluminiamu, na wakapata metali inayobeba mzigo ikiwa imeiva.

Siri yake imo katika chembe ndogo sana. Nikeli ikiungana na aluminiamu na titani hutengeneza chembe zilizosambaa ndani ya metali, zisizoonekana kwa jicho, na chembe hizo huzuia matabaka ya atomu yasiteleze. Chembe za aina hii hazilegei upesi joto linapopanda. Ugumu wao hata huongezeka hadi nyuzi mia kadhaa. Kwa hiyo pale 21-4N inapoanza kurefuka na kujikunja, Inconel na Nimonic bado husimama. Injini yenye tabochaja au supachaja, inayosukumwa kwa mzigo mzito saa baada ya saa, inazihitaji.

Lakini nikeli nayo ina adui, naye ni salfa. Nikeli na salfa zikikutana palipo na joto na upungufu wa oksijeni huweza kutengeneza mchanganyiko unaoyeyuka kwenye nyuzi 637 hivi, chini ya joto la valvu yenyewe. Kromi iliyomo ndani ya aloi huilinda nikeli, ila ulinzi huo si wa milele. Mafuta machafu huweza kuifanya valvu ya gharama kubwa iliwe mapema kuliko ilivyotarajiwa.

Ngozi ya kobalti na tumbo la sodiamu

Si lazima valvu nzima iwe ya metali moja. Elwood Haynes, mvumbuzi wa mji wa Kokomo, Indiana, alipata hataza ya aloi za kobalti na kromi mwaka 1907, kisha akaziboresha kwa tungsteni. Aloi hizo ndizo Stellite, na sifa yake kuu ni kubaki ngumu hata zikiwa nyekundu kwa joto. Aina inayoitwa Stellite 6, yenye kromi ya karibu asilimia 28, huyeyushwa na kupakwa kwenye ukingo wa valvu unaogusa kiti, au kwenye ncha ya shina. Kwa njia hiyo kichwa hubaki na metali inayostahimili mvutano, na sehemu inayogonga hupata ngozi inayostahimili kugongwa.

Mbinu nyingine hushughulikia joto lenyewe. Samuel Heron, Mwingereza aliyehamia Marekani na kufanya kazi katika kituo cha utafiti wa ndege cha McCook Field, Ohio, aliendeleza katika miaka ya 1920 valvu yenye uwazi ndani, uliojazwa sodiamu kwa sehemu tu. Sodiamu huyeyuka kwenye nyuzi 98 hivi. Injini ikipata moto, sodiamu iliyoyeyuka hurushwa juu na chini kila mpigo, hubeba joto kutoka kichwani na kulipeleka kwenye shina, ambako bushi hulipokea. Injini ya Wright Whirlwind iliyombeba Charles Lindbergh kutoka New York hadi Paris mwezi Mei 1927, safari ya zaidi ya saa 33 bila kuzima, ilitumia matunda ya kazi ya Heron.

Injini za ndege ndizo zilizoleta ujuzi huu majini. Baada ya Vita Kuu ya Pili, injini za V12 za Allison na Rolls-Royce Merlin ziliuzwa Marekani kama masalio ya kivita, na wakimbizaji boti wa Detroit na Seattle wakazinunua. Tarehe 26 Juni 1950, boti Slo-mo-shun IV ya Stanley Sayres, ikiwa na injini moja ya Allison, iliweka rekodi ya maili 160.323 kwa saa, kama kilomita 258, juu ya Ziwa Washington. Merlin inaonyesha vizuri jinsi mbinu zote zilivyokusanywa mahali pamoja. Valvu yake ya ekzosi ilikuwa na sodiamu tumboni, ncha ya shina ilipakwa Stellite, na kichwa kilifunikwa kwa Brightray, aloi ya nikeli na kromi ya ukoo ule ule wa waya za majiko. Wahandisi hawakutafuta metali moja ya miujiza. Kila sehemu ya valvu waliipa metali inayolingana na mateso yake.

Hapa kuna onyo la usalama. Sodiamu ikigusa maji hutoa haidrojeni na huweza kuwaka kwa kishindo. Valvu yenye sodiamu isikatwe kwa msumeno, isisagwe shina, wala isitupwe kwenye chuma chakavu bila kuelezwa. Shina lake kwa kawaida huwa nene kuliko la valvu ya kawaida. Ukilitilia shaka, liache kama lilivyo na umuulize msambazaji.

Titani na kikomo chake

Titani ina uzito wa karibu asilimia 60 tu ya chuma, nayo haishiki kutu ya maji ya bahari. Sifa hizo mbili humfanya mwenye boti aione kama jibu lililo wazi. Wepesi una thamani kubwa pale injini inapozunguka kwa kasi ya juu sana, kwa kuwa springi huweza kuifunga valvu nyepesi kabla haijaruka. Injini nyingi kubwa za boti, hata hivyo, hazizunguki kwa kasi hiyo. Kazi yao ni kustahimili joto muda mrefu.

Na kwenye joto ndiko titani inakokwama. Kadiri inavyokaa juu ya nyuzi 600 hivi, hunyonya oksijeni, na tabaka la juu hugeuka kuwa gumu lakini la kuvunjika upesi. Nyufa za uchovu hupenda kuanzia hapo. Zipo aloi za titani zilizotengenezwa kwa joto la juu, na injini za mashindano huzitumia kwa ekzosi, lakini huzibadilisha kwa ratiba kali. Tena, majaribio ya maabara yameonyesha kwamba chumvi iliyokauka juu ya titani yenye joto na mkazo huweza kuipasua. Kwa boti ya mashindano inayofunguliwa kila baada ya mbio, titani ni zana halali. Kwa boti ya kubeba watu siwezi kuipendekeza kwenye ekzosi.

Chumvi inapoingia kwa mlango wa nyuma

Tofauti kubwa kuliko zote kati ya boti na gari imo ndani ya bomba la ekzosi. Kwenye boti nyingi za petroli, maji ya bahari yaliyokwisha kupoza injini humwagwa ndani ya bomba ili yapoze moshi kabla haujatoka. Maji hayo yanapaswa kwenda nje tu. Lakini injini ikiwa taratibu gatini, mawimbi ya shinikizo ndani ya bomba hurudi nyuma, na kama kamshafti imechongwa kwa namna ambayo valvu ya hewa na ya ekzosi hubaki wazi pamoja kwa muda mrefu, silinda huvuta unyevu wa chumvi kutoka kwenye bomba.

Matokeo yake huonekana baada ya boti kukaa wiki kadhaa bila kuwashwa. Ukingo wa valvu huwa na vidoa vya kutu, shina hukwama kwenye bushi, na kiti kilichokuwa laini huwa na mashimo. Injini inapowashwa tena, mashimo hayo huwa njia za gesi, na kuungua kwa valvu huanza. Vilevile, tone la maji likigonga kichwa kilichoiva humpa fundi wa kesho ufa wa kuutafuta.

Aloi ya nikeli husaidia hapa kwa kuwa haishiki kutu upesi. Hata hivyo tiba yenyewe iko nje ya valvu: kamshafti iliyochongwa kwa ajili ya boti, bomba la ekzosi lenye mwinuko wa kutosha juu ya mstari wa maji, na manifoldi za chuma cha kalibu zinazokaguliwa na kubadilishwa kabla kutu haijatoboa kuta za ndani. Anayefunga kamshafti ya gari la mashindano kwenye boti, kisha akanunua valvu za Inconel ili kufidia, ametumia fedha nyingi mahali pasipo na ugonjwa.

Meli kubwa na mafuta mazito

Injini za dizeli za meli zinazoingia Mombasa na Dar es Salaam huishi katika dunia nyingine, lakini somo lao linathibitisha hoja hii. Kwenye injini kubwa za mipigo miwili, kila silinda ina valvu moja ya ekzosi katikati ya kifuniko, kubwa kiasi kwamba hubebwa kwa winchi. Hapa Nimonic 80A imetumika kwa miaka mingi, na sababu yake ni vanadiamu, madini yaliyomo katika mafuta mazito.

Vanadiamu ikiungua huwa oksidi, na oksidi hiyo ikichanganyika na sodiamu, ambayo mara nyingi huingia kwa maji ya chumvi yaliyochanganyika na mafuta, hutoa chumvi zinazoyeyuka kwenye nyuzi 535 hivi na kuendelea. Chumvi hizo zikiwa majimaji huyeyusha ngozi ya oksidi inayoilinda metali. Wahandisi wamejibu kwa hatua nyingi kwa pamoja: mafuta husafishwa kwa mashine za kuchuja kabla ya kutumika, viwango vya kimataifa huweka kikomo cha vanadiamu na sodiamu, valvu hupozwa ili kiti kibaki chini ya joto la kuyeyuka kwa chumvi, na mabawa madogo kwenye shina huifanya izungushwe na gesi ili isipate joto upande mmoja. Metali bora ni hatua moja kati ya hizo. Hata kwa wenye bajeti kubwa kuliko wote baharini, aloi haijawahi kuachiwa kazi peke yake.

Pwani yetu inapohamia mipigo minne

Mafundi wengi wa Lamu, Unguja, Mafia na Kilwa wamekulia kwenye injini za kupachika za mipigo miwili, zile ambazo oili huchanganywa na petroli. Injini hizo hazina valvu za aina tunayoizungumzia: moshi hutoka kupitia matundu ya ukuta wa silinda yanayofunguliwa na pistoni. Boti za utalii, za uokoaji na za doria zinapohamia injini za mipigo minne, kwa kuwa hutumia mafuta kidogo na hutoa moshi kidogo, mafundi hao hupokea kazi mpya: kupima nafasi za valvu, kukagua viti na kujua metali.

Jambo jingine limebadilika. Zamani petroli ilitiwa madini ya risasi, na mabaki yake yaliacha utando uliokinga viti vya chuma cha kalibu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliondoa petroli hiyo kufikia mwaka 2006, na Agosti 2021 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilitangaza kwamba imekwisha duniani kote baada ya Algeria kuiacha. Ni ushindi mkubwa kwa afya za watoto wetu. Kwa mwenye injini ya zamani ya boti, maana yake ni kwamba viti laini vinavyopigwa kwa mzigo mzito bila risasi huchimbika, na valvu huzama. Atie viti vya kupachika vilivyo vigumu anapofungua silinda hedi. Kubadilisha valvu peke yake hakutatibu.

Namna ya kuamua

Anayejenga au kukarabati injini ya boti aanze na maswali, kisha ndipo aende dukani. Injini ina tabochaja au supachaja? Itakaa kwenye mzigo mzito kwa dakika au kwa saa? Inafanya kazi kwenye maji ya chumvi au ya ziwa? Mafuta yake ni safi kiasi gani?

Kwa injini ya petroli isiyo na tabochaja, inayotumika kwa kiasi, 21-4N ya mtengenezaji anayejulikana inatosha. Kwa injini inayosukumwa kwa nguvu saa nyingi au yenye tabochaja, lipia aloi ya nikeli, na ukingo wa Stellite pale mtengenezaji anapoupendekeza. Titani iachiwe mbio. Dai namba ya kipuri na maelezo ya metali kwa maandishi, wala usiridhike na sumaku.

Kisha mwambie fundi wa mashine apime. Kiti cha ekzosi kiwe kipana kuliko cha hewa, kwa kuwa ndicho mlango wa joto, na kwenye boti upana wa milimita 2 hivi hauna ubaya. Ukingo wa valvu usisagwe hadi ukawa mwembamba. Ukingo mwembamba huiva na kuwasha petroli kabla ya wakati. Nafasi ya shina ndani ya bushi ifuate vipimo vya metali iliyochaguliwa, si vya valvu iliyotolewa. Baada ya safari ya chumvi, suuza njia za kupozea kwa maji baridi ya bomba, na usiiache injini miezi bila kuiwasha.

Gari lenye valvu iliyoungua huegeshwa kando ya barabara na abiria wakapanda jingine. Boti yenye valvu iliyokatika katikati ya mkondo, jioni, na upepo wa kusi ukivuma, huhatarisha roho za waliomo. Wenye boti wa pwani zetu, fungueni silinda hedi kabla ya msimu, kagueni viti kwanza, na fedha ya aloi itoeni pale mzigo unapoidai.